Sabuni Kidogo, Kivuli Kingi: Viti vya Ngozi Katika Jua la Lodwar

Magari mengi ya Japani yenye viti vya ngozi huja na kitufe kidogo karibu na giya, chenye mchoro wa kiti na vimistari vitatu vya joto. Kazi yake ni kupasha kiti moto. Kule Hokkaido, ambako theluji hulala barabarani kwa miezi, dereva hukibonyeza kabla hajafunga mkanda. Hapa Kanamkemer, mjini Lodwar, mtoto akikibonyeza kwa kucheza saa nane mchana, huenda dereva asitambue chochote hadi afike Napetet, kwa kuwa kiti kilikuwa kinaunguza tangu alipoingia.

Lodwar iko nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, chini bondeni, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi. Joto la nyuzi 35 mchana si habari kwa mtu yeyote, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 tu hivi, tena hunyesha ikipenda. Gari lililobuniwa kwa ajili ya theluji huletwa hapa pamoja na ushauri wake. Ushauri wenyewe unaufahamu, umechapwa nyuma ya kila chupa dukani: safisha, paka mafuta, na baada ya miezi michache paka tena. Kwa mji huu mpangilio huo unafaa upinduliwe. Kivuli kitangulie, vumbi lifuate, sabuni ije kwa uchache, na mafuta yawe ya mwisho kabisa, ikiwa yatahitajika.

Viti vya ngozi vyenyewe ni wageni wa karibuni Turkana. Kwa miaka mingi gari la huku lilikuwa hardtop, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984, ambayo mapadri, polisi na mashirika ya misaada wameiendesha kutoka Kainuk hadi Lokichoggio. Fungua mlango wake uangalie ndani. Nyingi zina viti vya vinili, plastiki nzito ya kijivu ambayo safari ikiisha unaifuta kwa kitambaa chenye maji na kazi imekwisha. Mashirika yaliyofika Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992 hayakukosa fedha za kuagiza ngozi. Yalijua tu gari linakwenda wapi. Ukitaka ushauri wa bure kuhusu viti vinavyofaa jangwani, chungulia gari la mtu aliyelipwa kufikiria jambo hilo.

Kisha mambo yakabadilika kwa mfululizo. Machi 2012 mafuta ya petroli yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi, Lodwar ikawa makao makuu, na maofisa wakaja na magari yao. Barabara ya A1, ambayo zamani ilikuwa ikivunja springi na mioyo, ikaanza kuwekwa lami. Leo Prado na Harrier zenye viti vyeusi vya ngozi zinapishana na Probox za Kakuma kana kwamba zilizaliwa hapa.

Hazikuzaliwa hapa, wala si changa. Kanuni za Kenya hazikubali gari lililotumika liingie likiwa limepitisha miaka minane tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi huchukua lililo karibu na ukomo huo kwa sababu ndilo bei yake inashikika. Kwa hiyo kiti kikiteremshwa Mombasa kimeshakaliwa miaka sita, saba. Kisha kinasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuja Lodwar. Ngozi haiji hapa kuanza maisha, inakuja kuyamalizia katika hali ya hewa ambayo haijawahi kuionja. (Na tukumbuke kwamba sensa ya 2009 iliipa Turkana karibu mbuzi milioni 6. Kaunti yenye mifugo kiasi hicho inaagiza ngozi kuukuu kutoka ng'ambo ya bahari. Hilo ni la makala nyingine.)

Kabla ya kununua chupa yoyote, ni vyema kujua umekalia nini. Gari linalotangazwa kuwa na viti vya ngozi mara nyingi lina ngozi pale tu mwili unapogusa, yaani unapokalia na unapoegemea. Pande za kiti, mgongo wake wa nyuma na hata milango huwa ni vinili iliyochapwa vinyweleo ili ifanane. Na hiyo ngozi yenyewe si ngozi tupu. Ngozi za magari mara nyingi husindikwa kwa chumvi za kromu, njia ambayo Augustus Schultz aliipatia hataza Marekani mwaka 1884. Ngozi ya ng'ombe huchanwa iwe na unene mmoja, hutiwa mafuta ndani ya pipa kubwa linalozunguka, hukaushwa, ikapakwa rangi, na juu ya rangi hupuliziwa tabaka jembamba la poliyurethani. Mkono wako unapopapasa kiti cha Prado, unapapasa tabaka hilo. Mafuta ambayo ngozi iliyahitaji iliyanywa kiwandani, kabla mlango haujafungwa.

Jaribio la kujua ni rahisi. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, uhesabu dakika moja. Tone likibaki juu kama lilivyo, ngozi yako imepakwa. Likizama na kuacha doa jeusi, una ngozi tupu isiyo na kinga, au kinga yake imeshakwisha. Kwa magari tunayoyaona hapa, tone hubaki juu karibu kila mara, isipokuwa mahali palipochanika.

Hapa ndipo ninapoona kosa letu lilipoanzia, na ni kosa lenye heshima zake. Turkana haihitaji kufundishwa na mtu kwamba ngozi inataka mafuta. Kina mama wa Kiturkana wamelifanya hilo kwa vizazi. Ngozi ya mbuzi huwambwa chini kwa vigingi ikauke, hukwaruzwa nyama na mafuta yaliyobaki, kisha hupakwa mafuta ya mnyama na kufikichwa kwa mikono, muda mrefu, hadi kile kitu kilichokuwa kigumu kama ubao kianze kulala vizuri mwilini. Ndiko zilikotoka sketi zile za ngozi zenye shanga ambazo siku hizi zaidi unaziona kwenye sherehe. Katika ngozi ya namna hiyo mafuta yanaingia, maana nyuzi zake ziko wazi pande zote mbili. Mafuta yanazilainisha zisigandamane zinapokauka. Ndiyo kemia yenyewe, na hakuna profesa atakayeisahihisha. Mafundi wa glavu wa Ulaya walikuwa wakitumia kiini cha yai kwa sababu hiyohiyo.

Sasa ondoa mkono uliozoea ngozi ile, uuweke kwenye kiti cha gari. Unapaka, na mafuta hayana pa kwenda. Yanakaa juu ya poliyurethani yakimeremeta. Jioni upepo unaanza.

Upepo wa Turkana una sifa duniani kote miongoni mwa wanasayansi wa hali ya hewa. Unatokea kusini mashariki, unabanwa katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na unapopita kwenye uchochoro huo unaongeza kasi. Ndio huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa pili wa ziwa, kule Loiyangalani. Kwetu hauzungushi kitu, unabeba mchanga. Vumbi la Lodwar linaingia ndani ya gari lililofungwa vioo, kupitia matundu ya hewa, kupitia mipira ya milango iliyokauka, kwa viatu na kwa nguo. Likikuta kiti kikavu, linalala juu yake na unaweza kulifuta. Likikuta kiti kilichopakwa mafuta ya kupikia, vaselini au ile dawa ya dashibodi inayong'aa, linanasa. Kisha dereva anakaa, anateremka, anakaa tena, mara ishirini kwa siku, na kila mara suruali yake inasugua mchanga juu ya rangi. Umejitengenezea msasa na unaukalia.

Kwa hiyo pale unapooshea gari, kijana akimaliza na kuuliza, "Mkubwa, niweke ile ya kung'aa?", mwambie asante, tairi zinatosha. Ile ya kung'aa mara nyingi ina silikoni, na zaidi ya kunasa vumbi, inafanya kiti kiteleze na kurudisha mwanga wa jua machoni mwa dereva kupitia kioo cha mbele ikipakwa kwenye dashibodi. Wapo pia wanaopaka Kiwi nyeusi kwenye viti vyeusi. Kiwi ilianza kuuzwa Melbourne mwaka 1906 kwa ajili ya viatu, na kwa viatu haina mpinzani, maana kiatu hakikaliwi na mtu aliyevaa kanzu nyeupe anayekwenda msikitini Ijumaa. Rangi ya viatu inayeyuka kwa joto la gari na inahamia kwenye nguo. Mtu mmoja wa heshima akishainuka na alama nyuma, hutamsahaulisha.

Kinachoua kiti hapa, basi, ni mchanga, na dawa ya mchanga ni kuuondoa ukiwa mkavu kabla ya kuleta maji. Wengi wetu huanza na kitambaa chenye maji. Mchanga ukilowa unakuwa tope, tope linaingia kwenye mishono na kwenye vile vitobo vidogo vya viti vinavyopitisha hewa, na likikauka humo ni la kudumu. Anza na mashine ya kuvuta vumbi ikiwepo, kwa kichwa chenye brashi laini. Kama hakuna, brashi laini ya kupakia rangi, ile pana, mpya isiyoguswa rangi, inafanya kazi vizuri. Sukuma vumbi kutoka kwenye mishono kuelekea nje ya mlango, ukisimama upande ule upepo unakotokea. Sogeza kiti mbele hadi mwisho, kisha nyuma hadi mwisho, uone ulichokuwa umekificha. Kazi hii ukiifanya kila wiki, dakika chache tu, umeshafanya zaidi ya nusu ya matunzo yote. Naisema kwa mkazo kwa sababu haiuzwi kwenye chupa, na kisichouzwa hakina wa kukitangaza.

Baada ya hapo maji na sabuni. Ngozi iliyosindikwa ina asili ya uchachu, pH yake iko kati ya 3.5 na 5 hivi. Sabuni ya unga na sabuni ya kipande ziko upande wa pili, kwenye 10 au karibu. Ukisugulia kiti sabuni ya unga kila Jumamosi, unakwangua kinga yake polepole, na palipopasuka sabuni inaingia ndani na kuikausha ngozi yenyewe. Tumia sabuni ya maji isiyo kali. Ya kusafishia ngozi za magari ni bora zaidi ukiipata, na ikikosekana, shampuu ya watoto wachanga kidogo ndani ya maji mengi inatosha. Kuipata si kazi ngumu: mbali na maduka ya Lodwar, utafiti wa shirika la IFC wa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, kambini na mjini, na hapo hakikosekani kitu kirahisi.

Maji nayo yana tabia zake. Visima vingi vya Turkana vina chumvi, na maji ya chumvi yakikauka kwa kasi ya hapa yanaacha ukungu mweupe ambao watu huudhani ni ngozi imepauka. Wanauwekea mafuta. Jaribu kwanza kuufuta kwa maji matamu. Maji ya ziwani ndiyo mabaya kuliko yote: Ziwa Turkana ni la magadi, pH yake ni kama 9.2, kwa hiyo anayepitia Kalokol au Eliye na kusuuza gari ufukweni, basi asuuze magurudumu na aache viti. Lita moja ya maji safi ya kunywa inatosha viti vyote vitano, kwa sababu kiti hakioshwi, kinafutwa. Chini ya kiti cha abiria kuna kihisi kinachopima kama mtu amekaa, na waya zake, na za kile kitufe cha Hokkaido, hazipendi kumwagiwa ndoo.

Wakati wa kufanya kazi hii ni alfajiri au magharibi, gari likiwa kivulini na kiti kikiwa kimepoa kiasi cha kuwekeka kiganja. Adhuhuri hewa ya Lodwar ni kavu mno, sabuni inagandia juu ya kiti kabla hujaifikia kwa kitambaa. Chovya sponji, ikamue sana, tengeneza povu, fanya eneo la viganja viwili au vitatu kwa wakati mmoja, bila kusugua kwa nguvu. Pale pagumu, kama ukingo wa kiti na usukani, tumia brashi laini ya meno. Futa povu mara moja kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha kwa kingine kikavu. Utashangaa jinsi kitambaa kinavyotoka. Na ule mng'ao uliokuwa ukiusifu, kumbe ulikuwa jasho na mafuta ya watu: ngozi safi ya gari haing'ai, ina sura ya kufifia kidogo, kama ilivyotoka kiwandani.

Na mafuta? Kama tabaka la juu ni zima, krimu ya ngozi yenye asili ya maji, kidogo sana, mara mbili kwa mwaka, haina madhara. Faida yake ni kupunguza msuguano na milio ya kiti kuliko kulisha ngozi. Ipake jioni, iache usiku kucha, na asubuhi futa yote iliyobaki hadi kitambaa kitoke kikavu. Ukiona kidole kinanata au kinateleza, hujamaliza kufuta. Mahali pekee ambapo krimu inaingia kweli ni kwenye nyufa na pale rangi ilipokwisha, na hapo inafaa itiwe kwa ncha ya kidole, si kwa kiganja kizima.

Sasa jua, ambalo ndilo nimelipa nafasi ya kwanza hapo juu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa chuo kikuu cha Arizona State, kwenye mji wa jangwa wa Tempe, waliacha magari juani siku zenye joto la kupita nyuzi 38. Baada ya saa moja hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, dashibodi 69, usukani 53 na viti 51. Wao walikuwa wakichunguza hatari kwa watoto wanaoachwa ndani ya magari, na hilo ndilo la kwanza kulikumbuka. Lakini nambari hizo zinatueleza pia kiti kinapitia nini kila siku ya kazi nje ya ofisi za Lodwar. Ngozi haiungui kwa nyuzi 51. Inachofanya ni kupoteza unyevu wake, kusinyaa kidogo na kukakamaa, huku rangi iliyo juu yake ikizeeka kwa mwanga. Ikifika siku ngozi na rangi haziwezi tena kunyooka pamoja, ufa unatokea, na kwa Kenya ambako usukani uko kulia, unatokea karibu kila mara kwenye ukingo wa kulia wa kiti cha dereva, pale paja linapopita akiteremka.

Wengi huogopa jua la adhuhuri. Kwa kiti, hilo ndilo lenye nafuu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba linapita juu yetu kabisa. Paa la gari linakinga viti, ingawa linawaka moto. Kiti hupigwa jua lenyewe saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, mwanga ukiingia kwa mshazari madirishani. Na vioo havilingani. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kioo cha mlangoni kwa kawaida ni kimoja kilichoimarishwa kwa joto, nacho kinapitisha sehemu kubwa ya miale hiyo inayopausha rangi.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata ushauri ambao hauna gharama yoyote na ambao kitabu cha gari hakitakupa, kwa sababu kiliandikiwa nchi ambako jua huzunguka upande wa kusini. Egesha gari pua ikitazama mashariki, au magharibi, usiegeshe ubavu ukitazama jua. Ukiegesha asubuhi pua ikiwa mashariki, jua linakutana na kioo cha mbele, chenye kinga, na hapo unaweka kizuia jua cha karatasi ya kung'aa au kipande cha boksi. Alasiri jua litaingia kioo cha nyuma, ambako leso kuukuu iliyotandazwa juu ya kiti cha nyuma inamaliza shauri. Pua ikitazama mashariki, upepo nao unapiga kwa mshazari kutoka mbele, si ubavuni moja kwa moja, kwa hiyo mlango ukifunguliwa haumezi mchanga kama kinywa.

Kivuli cha mti ni bora kuliko hesabu hizi zote, lakini kichague. Ewoi ina kivuli kizuri na miiba ambayo tairi lako litaikumbuka. Mathenge, au etirae, iliyoletwa kuzuia jangwa na ikaamua kuwa mwenyeji, ina kivuli na miiba vilevile, pamoja na ndege wanaokupakia kazi juu ya boneti. Kibanda cha mabati kinazuia mwanga ingawa hakizuii joto. Kibanda cha makuti ya mkoma kinazuia vyote viwili, na mafundi wake wapo hapahapa. Sijaelewa kwa nini mtu ajenge nyumba ya mawe, anunue gari la mamilioni, kisha aliegeshe peupe kwa kukosa nguzo nne na makuti.

Kuhusu madoa, nitaje machache yanayotuhusu. Samaki wa Kalokol akivuja maji ndani ya gari, tatizo haliko juu ya ngozi, liko kwenye mishono na kwenye sponji iliyo chini. Nyonya kwa kitambaa kikavu bila kukandamiza, kisha futa, kisha acha milango wazi kivulini. Manukato yanatengeneza harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko mbili za kwanza. Maziwa, ya ngamia au ya mbuzi, futa kwa maji baridi, maana maji moto yanayagandisha. Rangi ya suruali za jinzi kwenye viti vya rangi ya krimu inatoka ikiwa ya juzi, ya mwaka jana haitoki. Wino wa kalamu na ubani uliogandia vimewaponza wengi kwa sababu ya dawa wanayoikimbilia, petroli au thina. Vitu hivyo vinatoa doa na vinatoa rangi ya kiti pia. Sanitaiza ya mikono, tuliyoizoea tangu 2020, ina pombe nyingi na ni adui huyohuyo kwa sura ya upole. Iache ikauke mikononi kabla ya kushika usukani.

Ikiwa kiti kimeshapasuka, hakuna mafuta yatakayofunga ufa. Ufa mdogo hujazwa kwa utomvu maalumu wa kujazia ngozi, unalainishwa kwa msasa mwembamba, kisha unapakwa rangi ya ngozi inayolingana. Kazi hiyo inataka subira na mahali pasipo vumbi, kwa hiyo ifanyie ndani ya nyumba, kiti kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye gari. Ukiona nyufa zimekuwa ramani ya Turkana yenye mito yote, fikiria kushonesha upya.

Na hapo usione haya kuchagua kisicho ngozi. Kama ningepewa Prado ya bure kesho, ningeomba katikati ya viti pawekwe kitambaa kinachopumua cha rangi ya mchanga, na pande ziwe vinili nzuri, ile inayofutika. Mafundi wanaoshona viti vya bodaboda wanaifahamu vinili na mkono wao ni mzuri. Kwa gari kuna jambo moja la kuwauliza kabla ya kuwapa kazi. Kiti cha mbele cha magari mengi ya sasa kina mfuko wa hewa ubavuni, upande wa mlango, na utaona kipande kidogo cha kitambaa kilichoandikwa SRS AIRBAG. Mshono wa hapo umeshonwa kwa uzi uliopangwa kukatika, ili mfuko utoke gari likigongwa. Kava nzito ikivutwa juu yake, au fundi akiushona upya kwa uzi wa kiatu, mfuko unaweza kukosa pa kutokea. Muulize fundi ataufanyaje mshono ule. Akikujibu kwamba ataukaza vizuri, mwachie kiti cha pikipiki, na gari lisubiri safari ya Kitale au Eldoret.